Wosia Wako Umeshuhudiwa na Nani?

Yeremia alikuwa kizuizini aliponunua shamba. Mpendwa msomaji, kama una Biblia karibu, fungua sura ya 32 ya kitabu chake uisome polepole, maana wengi tumezoea kuisoma kwa ajili ya ahadi iliyomo, tukaziruka karatasi zilizomo. Jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu, nabii mwenyewe amezuiliwa katika uwanja wa walinzi wa mfalme, na binamu yake Hanameli anakuja kumwuzia shamba lililoko Anathothi. Wakati kama huo mtu mwingine angeuliza karatasi ni za nini, nchi yenyewe si inachukuliwa? Yeremia akapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani. Akaandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi nao wakatia sahihi. Zilikuwepo nakala mbili, moja imefungwa kwa muhuri na nyingine iko wazi. Akampa Baruku mwana wa Neria mbele ya watu wote waliokuwepo, akamwagiza aziweke katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Hesabu mwenyewe yaliyomo: maandishi, sahihi, mashahidi, watu wanaotazama kwa macho yao, nakala, mahali pa kutunzia. Hayo hayo ndiyo hakimu atakayoyatafuta siku wosia wako utakapowekwa mezani kwake, nawe huwezi kusimama kujieleza. Waraka kwa Waebrania, sura ya 9, unatukumbusha kwamba wosia hauna nguvu mpaka aliyeuandika awe amekufa. Maana yake ni kwamba kosa lililomo litaonekana wakati hakuna tena wa kulirekebisha.

Leo nataka tuzungumze juu ya sahihi hizo.

Tuseme yuko mzee wa kanisa pale Igawa, wilayani Mbarali, barabara kuu ya kwenda Tunduma. Maisha yake ni ya watu wa bonde la Usangu: majaruba ya mpunga, nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu vya kupangisha, ng'ombe wachache, pawatila moja. Alifunga ndoa kanisani. Mke wake wamelima naye miaka 30. Watoto wanne, wawili wa kike wameolewa, mmoja Makambako na mwingine Mbeya. Mwaka huu amesikia semina ya ndoa, akarudi nyumbani, akachukua daftari la shule la mjukuu wake, akaandika ukurasa mmoja na nusu: nyumba ni ya mama, majaruba wagawane watoto wote sawa, pawatila ni ya kijana wa mwisho, kiwanja cha pembeni ni cha kanisa. Akatia sahihi. Jumapili akampelekea mchungaji, naye akasaini na kugonga muhuri wa usharika. Mzee akarudi nyumbani na amani moyoni.

Msomaji wangu, karatasi ile inaonyesha mapenzi ya mzee kwa nyumba yake. Mahakamani itapata taabu kubwa. Ina shahidi mmoja tu, na muhuri wa kanisa, pamoja na heshima zake zote, hauwezi kusimama mahali pa shahidi wa pili. Isitoshe, shahidi huyo mmoja ndiye kiongozi wa usharika unaoachiwa kiwanja. Shemeji mmoja mwenye maneno akisimama na kusema hakuna ndugu aliyeitwa, karatasi ya mzee itatetewa na nani?

Kabla ya kufika kwenye idadi ya mashahidi, kuna jambo ambalo Wakristo wengi hawalijui. Hapa kwetu Tanzania Bara mirathi haina sheria moja. Kuna sheria ya kimila, iliyotangazwa kwa Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963 kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba. Kuna sheria ya Kiislamu kwa Waislamu. Na kuna ile tunayoiita ya kiserikali, ambayo asili yake ni Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, tuliyorithi kwa Waingereza na ambayo bado inatumika. Watu wengi hudhani kwamba ukibatizwa na kufunga ndoa kanisani, basi umeshatoka katika mila na umeingia moja kwa moja katika hiyo ya tatu. Mahakama hazisemi hivyo. Zinaangalia jinsi marehemu alivyoishi na alivyokusudia: je, aliishi kwa mila za kwao, au maisha yake yalionyesha wazi kwamba ameachana nazo? Cheti cha ubatizo peke yake hakimalizi swali hilo. Mzee wetu wa Igawa ambaye alitoa mahari, anakaa vikao vya ukoo, na kuwasuluhisha vijana wa kaka yake, anaweza kabisa kuhesabiwa kuwa mtu wa mila siku ya mirathi yake, hata kama alikuwa anaongoza ibada ya asubuhi kila Jumapili.

Na hapo ndipo moyo wa mama mjane unapoanza kwenda mbio. Kwa kanuni za mwaka 1963, mtu akifa bila wosia na ameacha watoto, mjane hana fungu lake. Anatazamiwa atunzwe na watoto wake. Mtoto wa kiume wa kwanza yuko daraja la kwanza la urithi, wanaume wengine la pili, na mabinti wanakaa daraja la mwisho. Mahakama zetu zimeshazigusa kanuni hizo na baadhi ya majaji wamezikataa waziwazi kwa sababu zinapingana na Katiba, lakini mama wa Igawa anayetaka kulala kwenye nyumba yake wiki ya pili baada ya msiba hana nguvu ya kwenda kubishana juu ya Katiba. Wosia ulioandikwa sawasawa ungemkinga. Ndiyo maana naona jambo hili linaihusu madhabahu kama linavyoihusu mahakama.

Sasa mashahidi.

Sheria ya kimila inakubali wosia wa aina mbili, wa mdomo na wa maandishi. Wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki, yaani wasio ndugu. Wa maandishi, kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, unataka wasiopungua wawili: mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hajui kusoma na kuandika, wanarudi kuwa wanne, wawili kwa wawili, naye anaweka alama ya dole gumba la kulia. Mashahidi wa wosia wa maandishi wawe ni watu wanaojua kusoma na kuandika. Mrithi hapaswi kuwa shahidi. Uandikwe kwa wino au upigwe chapa, kwa hiyo penseli ya mjukuu iache kwenye daftari lake. Uwe na tarehe. Useme kwamba mwenye wosia ana akili timamu na anafanya kwa hiari yake. Na wote wakae pamoja wakati mmoja, waone mwenye wosia akisaini, kisha wasaini wao.

Angalia busara iliyomo katika lile sharti la ndugu mmoja na mtu baki mmoja. Mtu wa ukoo anawekwa ili ukoo usije ukasema ulifichwa. Mtu baki anawekwa ili mama na watoto wasije wakasema ukoo ulijipangia. Nami nasema bila kuficha kwamba sharti hili ndilo linalovunjwa zaidi na Wakristo, tena kwa nia njema. Tunawaogopa ndugu. Tunajua baba mdogo ana tamaa na shamba, kwa hiyo tunaandika kimya kimya na kumwita mwinjilisti na jirani. Wosia unapotoka kabatini, baba mdogo yule yule ndiye anayeupindua, na silaha tumempa sisi. Kama huyo humwamini, ukoo hauna mtu mmoja tu. Tafuta shangazi mwenye heshima, au binamu anayefanya kazi Iringa asiye na haja na majaruba yako. Si lazima shahidi asomewe kila mstari unachompa nani. Anachoshuhudia ni kwamba uliyesaini ni wewe, mbele yake, ukiwa na akili zako.

Ile sheria ya 1865 yenyewe ni nyepesi kidogo kwa idadi. Inataka mwandishi asaini, au aweke alama yake, au mtu mwingine amsainie akiwepo na kwa agizo lake, na mashahidi wawili au zaidi wasaini mbele yake. Haisemi wawe wa ukoo. Lakini ina mtego mmoja mkali: shahidi aliyeachiwa kitu katika wosia, au ambaye mume au mke wake ameachiwa, zawadi hiyo inabatilika. Wosia unabaki mzima, zawadi yake ndiyo inayokufa. Kwa hiyo usimwite mkwe wako ashuhudie wosia unaompa binti yako jaruba. Na jambo jingine kwa wagane na wajane: chini ya sheria hiyo, ukioa au kuolewa tena baada ya kuandika wosia, wosia ule wa zamani umefutika. Nimewaona wazee wakifunga ndoa ya pili kwa vigelegele bila yeyote kuwauliza juu ya karatasi iliyoko kabatini.

Hapa pana kona ambayo ni lazima niitaje. Kanuni za kimila zinataka mke au wake waliopo nyumbani wakati huo nao washuhudie, juu ya wale wengine. Sheria ya 1865 inasema shahidi aliyepewa kitu anakipoteza. Sasa mama asaini au asisaini? Mimi naona jambo la kwanza ni kuhakikisha mashahidi wanne wasio warithi wametimia bila kumhesabu yeye, wawili wa ukoo na wawili watu baki, ili wosia usimame kwa sheria yoyote kati ya hizo mbili. Kuhusu sahihi ya mama, na jinsi ya kuandika kwamba alikuwepo na anajua, usikisie. Hiyo ndiyo siku ya kumwona wakili, au ofisi ya RITA, au msaidizi wa kisheria aliye karibu nawe. Sheria haikulazimishi kuwa na wakili ili wosia uwe halali, lakini kona kama hii ni ya kuulizia.

Kama unadhani haya ni mambo ya watu wa vijijini, mkumbuke Reginald Mengi. Mwasisi wa IPP, Mlutheri wa Machame, alifariki Dubai Mei 2, 2019, na ibada ya maziko yake huko Kilimanjaro ilihudhuriwa na taifa. Huyu hakuwa mtu wa kukosa fedha za kumlipa wakili. Uliletwa mahakamani wosia wa tarehe 17 Agosti 2017. Mei 18, 2021, Jaji Yose Mlyambina wa Mahakama Kuu, Dar es Salaam, aliukataa. Katika sababu zake yalikuwemo mambo ambayo mzee wetu wa Igawa anaweza kuyaelewa bila kamusi: hali ya afya na akili ya marehemu wakati huo, kukosekana kwa ndugu aliyeshuhudia, watoto wake wakubwa kunyimwa urithi bila sababu kuelezwa, na mali zilizoingizwa wakati hazikuwa zake peke yake. Usimamizi ukapewa wanafamilia wengine. Siandiki haya kuhukumu nyumba ya mtu. Naandika kwa sababu kila moja ya hizo sababu inakutazama wewe na mimi.

Hilo la kumnyima mtoto, kwa mfano. Wapo wazazi wanaoandika kwa hasira. Kijana aliacha kanisa, binti aliolewa na mtu asiyetakiwa, basi anafutwa. Kanuni za kimila zinaruhusu mrithi kunyimwa kwa sababu kubwa tu: amezini na mke wa mwenye wosia, amejaribu kumwua au kumshambulia yeye au mama yake, amemtelekeza katika njaa au ugonjwa bila sababu ya haki, au ameharibu mali yake. Tena sababu iandikwe wazi ndani ya wosia, na huyo anayenyimwa apewe nafasi ya kujitetea. Kuacha kwaya hakumo.

Na hilo la mali isiyo yako peke yako. Huwezi kuusia fungu la mkeo. Kama mmejenga pamoja, lake ni lake hata kabla hujafa, wala huna haja ya kumpa kama zawadi. Andika wazi ni kipi chako, kipi cha pamoja, kipi cha ukoo ulichoachiwa kukitunza tu. Baba zetu wa Kibena, Kihehe na Kisangu walijua tofauti ya shamba alilofyeka mtu mwenyewe na shamba alilolikuta kwa babu.

Upande wa pili uko mfano unaotia moyo, ingawa haukuvuma kama ule. Huko Kagera, baba mmoja alimwachia binti yake ardhi ya ukoo kwa wosia halali. Binti akazeeka, hana wa kumtunza, na mwaka 1988 akaiuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani, akidai kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mama yule ana haki ya kuuza sawa na mwanaume, kwa sababu Katiba inakataza ubaguzi. Wanasheria wanaijua kama kesi ya Ephrahim na Pastory, na wanaisoma kwa ajili ya Katiba. Mimi huwa namfikiria yule baba. Hakuna aliyeweza kusema binti hakuachiwa. Yeye alikuwa ameshamaliza sehemu yake. Binti za Selofehadi, katika Hesabu 27, walilazimika kwenda kusimama mbele ya Musa na mkutano wote kudai urithi wa baba yao. Mwenyezi Mungu aliwapa haki, lakini ni baba yupi anayependa mabinti zake wafike huko?

Sasa kile kiwanja cha kanisa. Hili wachungaji wangu walisikie vizuri. Sheria ile ya 1865 ina kifungu ambacho wengi hawajawahi kukisikia: mtu mwenye mtoto wa ndugu yake, au jamaa wa karibu zaidi ya huyo, hawezi kuacha mali kwa shughuli za dini au za hisani isipokuwa wosia uliandikwa angalau miezi 12 kabla ya kifo chake, na ndani ya miezi 6 tangu kuandikwa uliwekwa mahali panapotambuliwa na sheria kwa kutunza nyaraka hizo. Waliotunga walikuwa wanaogopa padri anayeinama juu ya mgonjwa wa siku tatu. Tusikasirike. Mzee anayetaka kumtolea Bwana kiwanja angali mzima akitoe leo, kwa hati ya kuhamisha, familia ikijua. Na mchungaji anayeona usharika wake umetajwa ndani ya wosia asisaini kama shahidi, amwachie jirani. Hata Bwana Yesu, katika Luka 12, alipoombwa na mtu awagawie yeye na ndugu yake urithi, alikataa kuwa mgawaji.

Kuhusu kutunza, chombo cha udongo cha Baruku leo kina majina mengi. RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, inapokea na kuhifadhi wosia kwa ada. Benki zipo, mawakili wapo. Wengine huwaachia viongozi wa kanisa, na hilo halina ubaya kama kuna daftari la kupokelea na mtu zaidi ya mmoja anajua. Chini ya godoro ni mahali pa kwanza ambapo shemeji atatafuta. Mwambie angalau mtu mmoja unayemwamini ulipouweka. Ukibadili mawazo, usifute mstari na kuandika juu yake. Andika mwingine, mashahidi waitwe tena, tarehe mpya, na useme kwamba ule wa kwanza umeufuta. Usitegemee kutengua wosia wa maandishi kwa maneno ya kitandani.

Msifikiri pia kwamba karatasi ikiwa safi basi watoto wanagawana makaburini. Wosia unapelekwa mahakamani, pamoja na cheti cha kifo, na kwa kawaida muhtasari wa kikao cha ukoo. Tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msimamizi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ana miezi minne ya kupeleka orodha ya mali na madeni. Madeni ya marehemu hulipwa kabla ya mgao, hata lile la mbolea kwa mfanyabiashara wa Rujewa.

Nimalizie kwa mchungaji, au mama mchungaji, anayeamshwa usiku. Simu imepigwa kutoka hospitali, baba fulani anataka kusema neno juu ya mali zake, na hali yake si nzuri. Ukifika, omba naye kwanza. Kisha, kama bado anajitambua na anataka kusema, usitoe simu ukamrekodi ukadhani umemaliza, wala usiandike peke yako. Uliza ni nani wa ukoo wake aliyepo asiye mrithi, waite wawili. Tafuta wawili wengine wasio ndugu: mgonjwa wa kitanda cha pili anayeweza kukaa, jirani aliyeleta uji, muuguzi akikubali. Mkewe kama yupo akae karibu. Mwache baba aseme mwenyewe, kwa Kiswahili au kwa Kikinga, maneno yake. Msimsemee na msimkumbushe kiwanja cha kanisa. Kama ana nguvu za kusaini, yaandikwe kwa kalamu ya wino, asomewe, aweke sahihi au dole gumba lake, na wale wanne wasaini papo hapo kabla mtu yeyote hajatoka chumbani. Juu ya karatasi andika mahali, tarehe, na saa iliyokuwa ukutani.